Wakili na Shahada ya Pili

Elimu ni mali ambayo mtu akiiongeza hampunguzii mwenzake kitu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wengine tangu nilipoanza kazi ya ualimu. Mtu akinunua shamba la pili, huenda mwingine amelikosa. Lakini akipata shahada ya pili, hakuna aliyenyang'anywa. Niliamini neno hili bila ya wasiwasi mpaka siku moja mwanafunzi wangu wa zamani aliponijia na swali ambalo lilinifanya nilitilie shaka. Nawasimulia habari hiyo ninyi mnaosoma, kwa sababu baadhi yenu mtafika mahali alipofika yeye, na huenda msiwe na mtu wa kumwuliza.

Nilimfundisha Kiswahili katika mwaka wangu wa pili wa kazi, nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu na bado nikiliogopa darasa. Alikuwa msichana wa maneno machache na maswali mengi. Alipomaliza shule aliingia chuo kikuu akasoma sheria miaka minne. Kisha alikwenda Shule ya Sheria ya Kenya, akafanya kazi chini ya wakili mzoefu kama kanuni inavyotaka, akafaulu mitihani, akaapishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na mikaratusi yote ya bondeni ili safari hiyo ikamilike. Aliporudi hakubaki Nairobi kama wengi wafanyavyo. Alifungua ofisi ya chumba kimoja katika mji mdogo ulio karibu na kwao, juu ya duka la mbegu na mbolea. Watu wa huko hawakuwa wamezoea kuwa na wakili wa kwao. Wakaanza kupanda ngazi wakiwa na bahasha kuukuu mikononi, na ndani ya bahasha mna karatasi za miaka mingi ambazo hawakuweza kuzisoma.

Alipokuwa amekaa miaka mitatu katika ofisi hiyo, alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya sheria. Alikuja nyumbani kwangu Jumamosi moja, akanywa chai, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja kutaka shauri. Niende au nisiende?"

Yafaa nieleze kwanza shahada hii ni kitu gani, maana bila ya kuijua hatuwezi kulipima swali lake. Katika nchi yetu mtu hahitaji shahada ya uzamili ili awe wakili. Akishapata shahada ya kwanza, akamaliza mafunzo na mitihani ya uwakili, aweza kusimama mbele ya jaji mpaka uzeeni, na hakuna atakayemwuliza kwa nini hakuongeza nyingine. Shahada ya uzamili huchukua kwa kawaida mwaka mmoja au miwili, na ndani yake mwanafunzi huchagua tawi moja la sheria, kama vile ardhi, biashara, mazingira, kodi au haki za binadamu, akalichimba, na mwisho aghalabu huandika tasnifu juu ya jambo moja ambalo amelichunguza mwenyewe. Basi si sharti. Kama ingekuwa sharti, hapangekuwa na ugumu wowote; mtu afanyalo kwa kulazimishwa halimsumbui moyo. Ugumu upo kwa kuwa angeweza kukaa alipo, akafanya kazi njema, na watu wakamshukuru.

Nilimjibu upesi. Nilimwambia asiende. Nilimwuliza ni nani atakayewapokea wale watu wa bahasha katika miaka miwili ya kukaa kwake maktabani. Nikamkumbusha ng'ombe wa baba yake. Nikamkumbusha wadogo zake wawili ambao karo yao ilikuwa inatoka katika ofisi ile ile. Nikasema kuwa mtu aliyejaa maji mtungini hana haki ya kurudi mtoni hali wenye kiu wanamngoja mlangoni. Maneno yalikuwa mazuri, naye aliyasikiliza kwa adabu. Lakini nilipokuwa nikiyasema nilijua kuwa si yote yaliyotoka mahali pasafi. Mimi nina stashahada ya ualimu tu. Nimekuwa nikitamani kurudi masomoni kwa miaka kumi, na kila mwaka limetokea jambo la kunizuia. Katika jibu langu mlikuwamo husuda, ndogo lakini haikosi, ya mtu anayemwona mwanafunzi wake akipita mlango ambao yeye mwenyewe hakuupita. Naiandika hapa ili ijulikane kuwa mtu mzima akikupa shauri, hata kama anakupenda, ni vizuri kuuliza ndani ya nafsi yako shauri hilo linatoka wapi.

Yeye hakubishana nami. Alinihadithia kesi.

Mama mmoja mzee, mjane, alishtakiwa na mtoto wa shemeji yake ili ahame katika shamba ambamo alikuwa ameishi tangu alipoolewa. Mashamba ya huko yalipopimwa na kuandikishwa, mumewe alikuwa kibaruani mbali, na ndugu mkubwa akaandikwa katika daftari kwa niaba ya nyumba nzima. Hakuna aliyeona ubaya; mkubwa ndiye aliyekuwa mkubwa. Miaka ikapita, ndugu wote wawili wakafa, na cheti kikaingia mikononi mwa kijana ambaye alikua akimwita yule mama "mama". Sasa kijana anataka kuuza.

Hapa inatubidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza mpango ulioitwa kwa jina la Swynnerton, ambao ndani yake Waafrika walipimiwa ardhi na kupewa hati. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya ardhi iliyoandikishwa, iliyosema kuwa yule ambaye jina lake limo daftarini ndiye mwenye shamba. Mila za watu wengi wa nchi hii zilisema vingine: shamba ni la nyumba, na aliye mkubwa hulishika tu. Kauli mbili hizi zikagongana mahakamani. Katika kesi moja ya mwaka 1973, ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo, baba aliwashtaki wanawe wa kuwazaa ili watoke katika shamba lililoandikwa kwa jina lake, na mahakama ikaamua kuwa haki zao za mila zilikwisha jina la baba lilipoandikwa. Majaji wengine walikataa kufuata njia hiyo, wakasema kuwa mtu aweza kuandikwa daftarini akawa ameshika amana tu. Ubishi huo uliendelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema wazi kuwa amana ya kimila ipo na sheria yaitambua, hata kama daftari limenyamaza. Walakini anayeidai lazima athibitishe: kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo au ya jamaa, kwamba yeye ni wa jamaa hiyo, wala uhusiano wake si wa mbali mno, kwamba angeweza kuandikwa lau si jambo fulani lililozuia, na kwamba anayemdai ni mwenzake wa jamaa ile ile.

Mwanafunzi wangu aliyajua hayo yote. Aliingia mahakamani nayo, na akashindwa. Wazee walioshuhudia upimaji walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa mmoja ambaye hasikii. Karatasi za kamati ya upimaji hazikuonekana. Mjane alieleza kwa kinywa chake, na ikaamuliwa kuwa maelezo yake peke yake hayatoshi.

"Mwalimu," aliniambia, "sikushindwa kwa sababu mama yule hana haki. Nilishindwa kwa sababu sikujua namna ya kuionyesha. Nilifundishwa kuwa mila lazima ithibitishwe. Sikufundishwa jinsi ya kuthibitisha jambo ambalo halikuandikwa, mbele ya watu waliozoea kuamini maandishi. Niliporudi ofisini nilikuta wengine watatu kwenye ngazi, na kesi zao ni hiyo hiyo. Nikikaa, nitawapokea, na nitashindwa nao mmoja mmoja."

Basi neno langu la mtungi likaniangukia mwenyewe. Mtungi wake haukuwa umejaa. Yeye ndiye aliyeona kuwa umepungukiwa na wapi umepungukiwa, na mimi niliyeutazama kwa nje nilidhani ni kamili kwa kuwa ulikuwa mzuri.

Hata hivyo sikuwa tayari kusema kuwa elimu ikizidi haki huzidi. Jambo hilo si kweli, na ushahidi wake ni mkubwa. Tutazame kesi iliyosikizwa Pretoria, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1963 hadi 1964, ambayo hujulikana kama kesi ya Rivonia. Kiongozi wa mashtaka alikuwa Percy Yutar, daktari wa sheria, mtu aliyefika kilele cha masomo yake. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Nelson Mandela, ambaye shahada yake ya sheria haikuwa imekamilika. Kwa kipimo cha vyeti, mwenye elimu ya sheria alikuwa yule wa upande wa serikali. Lakini sheria aliyoitumikia ilikuwa ikimwambia mtu mweusi mahali pa kulala, mlango wa kuingilia na karatasi ya kubeba mfukoni. Mwezi wa Juni 1964 Mandela na wenzake saba walihukumiwa kifungo cha maisha. Kama shahada za juu zingekuwa zinazaa haki kama mbuni unavyozaa kahawa, siku ile matokeo yangekuwa mengine.

Mtu aweza kuishia hapo akasema: basi, shahada ya nini? Lakini habari za Mandela mwenyewe hazituruhusu kuishia hapo. Aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1943. Nyakati zile huko Afrika Kusini shahada ya sheria aliyoitafuta ilikuwa ya pili, iliyosomwa baada ya shahada ya kwanza ambayo alikuwa amekwisha kuipata. Alikuwa Mwafrika peke yake katika kitivo cha sheria. Alikuwa akifanya kazi mchana, akisoma usiku, na siasa zikimvuta huku na huku. Alishindwa mtihani wa mwaka wa mwisho mara tatu, na mwishoni mwa mwaka 1949 chuo kikamnyima shahada. Alifuata njia nyingine iliyoruhusiwa, akafanya mtihani wa mawakili, na mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo wakafungua ofisi yao wenyewe mjini Johannesburg, karibu na mahakama. Watu waliojaa katika ofisi ile hawakuuliza vyeti vya ukutani. Walikuwa wamekamatwa kwa kukosa pasi, au kwa kuwa mahali ambapo rangi yao haikutakiwa, nao walitaka mtu wa kusema kwa ajili yao.

Hivyo Mandela alikuwa na kazi, alikuwa na jina, na watu walimhitaji, yote bila ya shahada ile. Wala hakuisahau. Akiwa kifungoni aliendelea kusoma kwa njia ya posta, kwanza na Chuo Kikuu cha London, baadaye na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Wakati mmoja wakuu wa gereza walimnyima ruhusa ya kusoma kwa miaka minne, baada ya kugundua kuwa alikuwa ameandika kwa siri habari za maisha yake. Ruhusa iliporudishwa alianza tena. Alipewa shahada hiyo mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 70, bado mfungwa, miaka 46 tangu siku alipoingia chuoni kuitafuta.

Nimejiuliza mara nyingi aliitaka kwa nini. Mshahara haukuwapo. Heshima ya dunia alikuwa nayo tayari. Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, kwamba alikuwa ameona kuwa anayeshindana na sheria mbaya hana budi kuijua kuliko wanaoilinda. Na tena kwamba alilonyimwa lilibaki deni baina yake na nafsi yake. Huko kisiwani Robben aliwasaidia wafungwa wenzake kuandika malalamiko na rufaa zao. Yaani kile alichokisoma hakikungoja cheti ili kianze kufanya kazi. Naongeza jambo moja ambalo si la hoja yangu, lakini hulipenda: mwaka 1995 Mandela, akiwa Rais, alimwalika Yutar wakala chakula cha mchana pamoja.

Tukiwaweka watu hawa wawili mbele yetu twaona kuwa shahada yenyewe haimwambii mtu akasimame upande gani. Humwongezea nguvu ya kusimama pale alipokwisha kuchagua. Ndiyo sababu swali la mwanafunzi wangu, niende au nisiende, halikuwa na jibu moja kwa watu wote. Wako wanaokwenda ili jina lao lirefuke kwenye kibao cha mlango. Nimewahi kupewa kadi ya mtu ambayo vyeo vyake vilichukua mistari mitatu, na namba ya simu ikakosa nafasi ikaandikwa nyuma. Wako wanaokwenda kwa kuwa hawana kazi na masomo ni mahali pa kujificha. Hao siwalaumu sana, maana nyakati ni ngumu. Wako wanaokwenda ili mshahara upande, na hilo nalo si dhambi kwa mtu mwenye watoto. Lakini aliyekwenda na swali ambalo amelipata kwa watu, swali lililomkosesha usingizi kwa sababu mtu fulani ameumia, huyo hajawaacha watu wake hata akiwa mbali nao.

Nasema hivyo, lakini sitaki kuificha gharama. Saa anayoitumia mtu maktabani haiwezi kutumika ofisini. Hapa ndipo lile neno la kale, kwamba elimu haimpunguzii mwenzako kitu, lilipo na kasoro. Elimu yenyewe haipunguzi. Muda wa kuitafuta hupunguza, na aghalabu anayelipa si yule anayesoma. Baba alilipa ng'ombe. Wadogo watalipa muhula au miwili. Mjane hulipa kwa kungoja, naye hana miaka mingi ya kungojea.

Zamani gharama hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Kabla ya mwaka 1961, kilipofunguliwa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, ambacho kilikuwa cha kwanza Afrika Mashariki, kijana wa Kenya aliyetaka kusoma sheria hata shahada ya kwanza alilazimika kuvuka bahari. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa nchi hii kuwa wakili, alisomea Uingereza, akarudi akawatetea watu walioshtakiwa katika siku za Mau Mau. Chuo cha Nairobi kilianza kufundisha sheria mwaka 1970. Leo vyuo vyetu kadhaa hutoa shahada ya uzamili, na baadhi hufundisha jioni au mwisho wa juma kwa ajili ya watu walio kazini. Kwa hiyo swali si lazima liwe la kuondoka au kubaki. Laweza kuwa la kugawanya juma, jambo ambalo ni chungu kwa namna yake.

Nilimwita tena baada ya wiki mbili. Nilimwambia kuwa nilimjibu vibaya, na kwa nini. Alicheka, akasema kuwa alikwisha kujua, kwa sababu nilipokuwa nikimshauri nilikuwa nikitazama rafu yangu ya vitabu. Hatukufikia neno lililotatua kila kitu. Alikubali nafasi yake. Huchukua basi la usiku siku ya Alhamisi, husoma Ijumaa na Jumamosi, hurudi Jumapili. Siku tatu za juma ofisi yake iko wazi. Siku mbili imefungwa, na kwenye mlango kuna karatasi ya kueleza. Amechagua kuandika tasnifu juu ya namna mila ya ardhi inavyoweza kuthibitishwa mahakamani pale ambapo hakuna maandishi: makaburi, mipaka ya miti, majina ya mahali, ushahidi wa wanawake walioolewa nyumba moja.

Barua yake ya mwisho ilinifikia mwezi wa Agosti. Ameandika kuwa watu wawili walikuja siku ambazo mlango umefungwa. Mmoja alirudi. Wa pili hakurudi, na yeye hajui jina lake wala kesi yake ilikuwa nini. Rufaa ya mjane imekwisha kuandikishwa lakini haijapangiwa siku. Alipokwenda kumwona kwa ajili ya tasnifu, akamwuliza mpaka wa zamani ulipita wapi, mama yule hakusema neno. Alichukua fimbo, akamwongoza mpaka nyuma ya migomba, akamwonyesha kisiki cha mvule ambacho mumewe na shemeji yake walikikata pamoja. Alikipima kwa futi, akakipiga picha. Kimo katika sura ya tatu.